Umati, "crowd", "mob", "horde": tuyapime maneno ya Kiingereza ya wingi wa watu na vitu

KalamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi. Nafungua uzi huu kwa sababu ya neno moja la herufi tatu lililonitia aibu nilipokuwa mchanga kwenye kazi hii, na kila wiki naona mtu mwingine akiingia shimo lilelile.

Nilipewa taarifa ya msiba niitafsiri. Sentensi ilikuwa hivi: "Umati mkubwa wa waombolezaji ulijitokeza kumsindikiza marehemu." Nikafungua kamusi, nikaona "mob" imekaa kando ya umati. Fupi, nyepesi. Nikaandika "a large mob of mourners" nikaendelea na mstari uliofuata. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa mtoto wa marehemu, ambaye amekulia ugenini na Kiingereza ndicho anachokisoma vizuri. Uliniuliza jambo moja tu: watu hawa walikuja kumzika baba, kwa nini umewaandika kama waliokuja kumvamia?

Nilirekebisha, nikaomba radhi. Lakini swali lile lilinikaa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maneno haya moja moja.

Nilichokiona ni hiki. Sisi tuna umati, halaiki, kaumu, na hakuna hata moja kati ya hayo linalotukana. Ubaya au wema wa watu wale tunausema kwa maneno mengine: umati wenye hasira, umati wa waumini. Kwa Kiingereza hukumu mara nyingi imo ndani ya jina lenyewe la kundi. Ukishataja jina umeshasema uko upande gani.

"Crowd" ndilo la katikati. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, crūdan, yaani kusukuma, kusonga kwa nguvu. "Throng" nalo limetokana na kitenzi cha kubana. Hayo mawili kwetu ni ndugu wa msongamano, kwa sababu msongamano nao umetoka kwenye kusonga. Yana jasho la mtu aliyekuwa mle ndani, bega kwa bega na wenzake.

"Mob" limetungwa na anayetazama kwa mbali. Ni kipande cha maneno ya Kilatini, mobile vulgus, watu wa chini wasiotulia, leo wanamshangilia huyu kesho wanampiga mawe. Waingereza waliosoma walikuwa wakiyasema yote mawili, hadi mwishoni mwa karne ya 17 yakakatwa ikabaki "mob". Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika katika jarida la The Tatler kwamba amejitahidi kwa miaka kadhaa kulizuia neno hilo na limemshinda. Kilichomkera yeye ni ule mkato. Dharau iliyokuwa ndani wala haikuwa hoja yake.

Kwa hiyo wenzangu, tuyapitie hapa. Mwenye neno alilete, mwenye swali aulize.

Mwl_Tungo

Asante sana ndugu mleta uzi, umegusa donda langu. Nafundisha Kiingereza. Wanafunzi wanakuja wamekariri orodha ndefu: "a pride of lions", "a murder of crows", "a parliament of owls". Halafu unampa picha ya ndege 200 wanaruka, anashindwa kusema "a flock of birds". Ana neno la kunguru ambalo pengine hatalihitaji maisha yake yote, hana neno la ndege.

Sehemu kubwa ya majina hayo inatoka kwenye Kitabu cha Saint Albans kilichochapwa Uingereza mwaka 1486, kitabu cha mabwana wenye mashamba, cha kuwafundisha uwindaji, kufuga vipanga wa kuwindia na nembo za ukoo. Mtu wa tabaka lile alitakiwa ajue kulitaja kila kundi kwa jina lake, la sivyo angeonekana hakulelewa. Ndani ya orodha hiyohiyo kuna majina ya makundi ya watu: "a superfluity of nuns", watawa waliozidi kiasi, na "a diligence of messengers", bidii ya wajumbe. Unaona wazi kwamba aliyeiandika alikuwa pia anacheza na maneno. Wakulima na wachungaji wa wakati ule hawakuwa wakizungumza hivyo.

Mengi ya majina hayo yalilala karne kwa karne. "Pride" ya simba imerudi kwenye matumizi ya kweli, hata watafiti wa wanyama wanaitumia. "Murder" ya kunguru inabaki zaidi kwenye chemshabongo na mashairi.

Mimi huwaambia wanangu washike machache kwanza. "Flock" ni ndege na kondoo. "Herd" ni wanyama wakubwa wa kwato, na tembo. "Pack" ni mbwa na mbwamwitu, wale wanaowinda pamoja. "Swarm" ni nyuki na wadudu warukao. "Shoal" na "school" ni samaki. Ukiwa na hayo sita hukwami.

Bi_Nukta

Mwalimu, hapo kwa samaki naomba niongeze nyama. Wengi wanadhani "school of fish" ni shule, eti samaki wamepangwa kama wanafunzi. Hapana. Shule imetoka Kigiriki kupitia Kilatini. Hili la samaki limetoka Kiholanzi, schole, kundi, na ni ndugu wa "shoal". Yamekutana njiani yakafanana sura. Na sisi tunalo letu zuri ambalo linasahaulika: numbi ya samaki.

Ila naomba nikupinge kwa heshima juu ya ile orodha. Mimi binafsi niliingia kwenye Kiingereza kupitia maneno hayo. Nilipokutana na "a charm of goldfinches" kwa mara ya kwanza, nikajua kwamba "charm" pale ni mlio, ndege wengi wadogo wakilia kwa pamoja, nilikaa nalo siku nzima. Mtoto akipenda neno moja la ajabu atarudi kutafuta ya kawaida. Usiwanyime.

Mwl_Tungo

Dada Nukta, sijawanyima. Nataka tu "flock" itangulie.

NahodhaWaMaana

Wakuu, naunga mkono hoja kwa sehemu kubwa, lakini juu ya "mob" lazima tuseme na upande wa pili. Ukienda Australia, "a mob of kangaroos" ni kundi la kangaruu, basi, halina ubaya wowote. Wafugaji wa huko husema hivyohivyo kwa ng'ombe na kondoo. Na wenyeji wa asili wa nchi ile hulitumia neno hilo kwa watu wao, kwa upendo. Mmoja akimuuliza mwenzake "who's your mob?" anamuuliza watu wako ni nani, ukoo wako ni upi. Ni swali la kutafutana undugu.

Kwa hiyo mtafsiri akikuta "my mob" kwenye maandishi ya Australia akaandika "genge langu" atakuwa ameharibu kuliko wewe ulivyoharibu kwenye msiba.

KalamuYaUsiku

Mkuu Nahodha, nimekubali kabisa, na nashukuru. Hapo ningeandika "watu wangu", au "jamaa zangu". Marekani nako "the Mob" yenye herufi kubwa ni mtandao wa uhalifu, mafia. Herufi tatu, nchi tatu, na kila nchi ina watu wake ndani.

Mnaoandika habari, kuna mwanahistoria George Rudé, mwaka 1959 alitoa utafiti wake kuhusu watu waliojitokeza mitaani wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kabla yake waandishi wengi walikuwa wakiwaita "mob" tu, kana kwamba ni wahuni waliotoka shimoni. Rudé alikwenda kwenye nyaraka za polisi na orodha za majina, akakuta mafundi, wenye maduka madogo, vibarua, watu wenye kazi na anwani. Akachagua kuwaita "crowd" na akaliweka kwenye jina la kitabu chake. Kubadili neno kulitaka ushahidi, naye aliuleta. Kwangu ule ndio mfano wa namna ya kuliheshimu neno.

Juma_wa_Herufi

Naomba kuuliza kuhusu "horde". Naliona sana kwenye habari za michezo na watalii, "hordes of tourists". Je, ni sawa na umati?

NahodhaWaMaana

Ndugu Juma, "hordes of tourists" inasema watalii ni kero. Mwandishi amechoka nao. Ukitaka kusema wamekuja wengi na unafurahi, andika "crowds of tourists" au "tourists in large numbers".

Asili yake ni safari ndefu. Kwa Kituruki na ndugu zake, ordu ni kambi ya jeshi. Wapanda farasi wa nyika za Asia walipotawala hadi Ulaya Mashariki, neno likaingia Kipolandi, likaongezewa h mwanzoni, likasambaa Ulaya likiwa na hofu ya waliovamiwa. Kambi ya watu ikageuka kuwa kundi la kuogopwa. Na sasa tazama tawi la pili: ordu hiyohiyo ilikwenda India, lugha iliyozungumzwa kwenye kambi tukufu ya mfalme ikaitwa lugha ya urdu. Ndiyo Kiurdu cha leo. Mzizi mmoja umezaa tusi upande mmoja na lugha ya mashairi upande wa pili.

Tahadhari ndogo: kuna "hoard", inatamkwa sawasawa lakini ni hazina, vitu vilivyofichwa. Hata wenye lugha yao huchanganya. "A horde of people", "a hoard of gold".

Shangazi_Koma

Wanangu, mimi nimefika kwenye maneno haya kupitia Biblia, maana ndiyo niliyojifunzia Kiingereza: Kiswahili mkono wa kushoto, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 mkono wa kulia.

Luka 2:13, malaika na wachungaji. Kiswahili kinasema "wingi wa jeshi la mbinguni". Kiingereza, "a multitude of the heavenly host". Yote mawili yamo humo katika mstari mmoja: "multitude" ni ule wingi, "host" ni lile jeshi. Na "Bwana wa majeshi" ni "Lord of hosts". Kwa miaka nilidhani "host" hapo ni mwenyeji, yule anayekaribisha wageni, nikajiuliza Mungu anakaribisha nani.

Baadaye nikaelewa. "Host" la jeshi limetoka kwa Kilatini hostis, adui, kisha jeshi la adui, kisha jeshi lolote. "Host" la mwenyeji limetoka kwa hospes. Na wataalamu wanasema huko nyuma kabisa mzizi ulikuwa mmoja, mgeni, yule asiyejulikana ambaye anaweza kuwa rafiki au adui, na "guest" limetoka hukohuko. Kwa hiyo sikuwa nimekosea sana.

Leo "a host of" mnaweza kuliandika kwa amani kwa vitu vingi: "a host of problems", "a host of reasons". Halitukani. "Legion" pia. Lilikuwa kikosi kikubwa cha Warumi, askari elfu tano na zaidi kikiwa kimejaa. Katika Marko 5 yule pepo anajiita Legioni kwa kuwa wao ni wengi, na tangu hapo Kiingereza kikaweza kusema "the problems are legion", matatizo hayahesabiki. Linakaa mwishoni, baada ya kitenzi, na halichukui "a".

Bi_Nukta

Shikamoo Shangazi. Hiyo ya mgeni na adui nimeinakili kwenye daftari.

KalamuYaUsiku

Shikamoo Shangazi, na asante. Ndiyo maana nilifungua uzi.

Fundi_Manukuu

Natengeneza manukuu ya video, kwa hiyo maneno haya napambana nayo kila siku na nafasi ni ndogo. Naleta yanayohusu habari za watu wanaohama.

"Swarm" ni bumba la nyuki. Julai 2015 waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, David Cameron, alihojiwa kwenye televisheni kuhusu wahamiaji waliokuwa Calais, bandari ya Ufaransa, wakijaribu kuvuka kuingia Uingereza, akasema "a swarm of people". Alilaumiwa vikali, na watetezi wa wakimbizi na wapinzani wake wa kisiasa. Sentensi ile ilikuwa na mambo mengine ndani yake, hata kwamba watu hao wanatafuta maisha bora. Hakuna aliyeyakumbuka. Kilichobaki ni nyuki.

Kundi la pili ni maneno ya maji: "flood", "wave", "tide". Hapa ndipo sisi Waswahili tunateleza, kwa sababu kwetu maji ni sifa njema. Watu walifurika uwanjani, tunasema kwa furaha. Walimiminika, walimwagika barabarani kumpokea mshindi. Ukipeleka "flood" moja kwa moja kwenye Kiingereza, hasa mbele ya "migrants" au "refugees", msomaji anaona mafuriko, kitu cha kujengewa ukuta. Kufurika kwetu kunatafsirika vizuri kwa "packed": "fans packed the stadium". Kumiminika ni "poured in" au "streamed in", hayo hayana sumu yakisimama kama vitenzi.

Juma_wa_Herufi

Hii ya kufurika sikuwahi kuifikiria. Nimeandika "people flooded the church" mara ngapi sijui.

Fundi_Manukuu

Hiyo haikuwa dhambi kubwa ndugu yangu, ila "people filled the church" ni safi zaidi, na ni fupi.

Sauti_ya_Mwaka_89

Natoka kimya kwa sababu ya uzi huu. Nina neno moja nataka tulitazame kwa muda: "stampede".

Kila watu wanapofia kwenye mkusanyiko, magazeti huandika "stampede", na sisi tunaandika mkanyagano. "Stampede" limetoka Kihispania, estampida, na lilipoingia Kiingereza lilikuwa la ng'ombe na farasi walioshtuka wakakimbia ovyo. Ukiliandika kwa watu umeshasema kilichowaua: walipoteza akili, wakakimbia, wakakanyagana. Kosa ni lao.

Chukua Hillsborough, uwanja wa mpira Sheffield, Aprili 15, 1989. Mashabiki wa Liverpool walielekezwa kwenye vizimba nyuma ya goli ambavyo vilikuwa vimeshajaa. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Watu walibanwa wamesimama, vifua havikuweza kupanuka, wakakosa pumzi. Waliokufa ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Kwa miaka mingi simulizi iliyoenezwa ni kwamba mashabiki ndio waliosababisha. Mwaka 2016 baraza la mahakama lilitoa uamuzi kwamba waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia.

Wataalamu wa usalama wa mikusanyiko wanapendelea "crush", au "crowd crush". Neno hilo linaeleza kilichotokea kwa mwili, kubanwa, na linamwachia msomaji swali la haki: nani aliruhusu nafasi ijae hivyo? Kwa Kiswahili nadhani "msongamano uliosababisha vifo" uko karibu na ukweli kuliko mkanyagano, isipokuwa pale ambapo kweli watu walikanyagwa.

KalamuYaUsiku

Ndugu yangu, nimesoma mara mbili. Nimewahi kuandika "stampede" bila kuuliza kilichotokea ni nini, kwa sababu taarifa ya Kiswahili ilisema mkanyagano. Kuanzia sasa nitamuuliza mwandishi: walikimbia au walibanwa? Kama hajui, nitaandika "crush" ikiwa walikufa kwa kukosa pumzi, na kama hilo nalo halijulikani, "died at a crowded event", basi.

Wakili_wa_Nukta

Kwa wanaotafsiri nyaraka za sheria: kuna mahali ambapo Waingereza waliamua wingi ni watu wangapi. Sheria ya mwaka 1714, Riot Act, ilisema watu 12 au zaidi waliokusanyika kinyume cha sheria wakisomewa tangazo la kutawanyika, wana saa moja. Baada ya hapo ni kosa zito, adhabu yake kifo. Tangazo lilitakiwa lisomwe kwa sauti, maneno yenyewe kama yalivyoandikwa. Ndiyo asili ya msemo wao wa kumsomea mtu "riot act", yaani kumkaripia na kumpa onyo la mwisho.

Na 12 hiyo ipo hadi leo. Sheria ya England na Wales ya mwaka 1986 kuhusu utulivu wa umma inataka watu 12 au zaidi, waliopo pamoja, wenye lengo moja, wanaotumia au kutishia vurugu, ndipo liitwe "riot". Wakiwa watatu au zaidi lipo kosa jingine, "violent disorder". Kwa hiyo kwenye hati ya mashtaka usiandike "riot" kwa sababu tu Kiswahili kimesema ghasia. Angalia idadi.

Juma_wa_Herufi

Sasa tukija kwenye hesabu. "Dozens", "scores", "hundreds", tofauti yake kwenye taarifa ni nini?

KalamuYaUsiku

"Dozen" ni 12, unaijua. "Score" ni 20, na hapo Kiswahili kina jibu kamili ambalo watu hawalitumii: korja. Korja ni vitu 20. "Score" lilikuwa alama iliyokatwa kwenye kijiti cha kuhesabia, kila ikifika 20 unakata mkato. Ndiyo maana "score" pia ni magoli. Abraham Lincoln alipoanza hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863 na "four score and seven years ago" alikuwa anasema miaka 87 iliyopita, ukitoa unapata 1776, mwaka wa tangazo la uhuru wa Marekani. Korja nne na saba.

Kwenye habari, makumi ya watu ni "dozens of people". "Scores" ni wengi kidogo zaidi, lakini msomaji wa leo hapigi tena hesabu ya ishirini ishirini, kwa hiyo mimi hulikwepa. Mamia ni "hundreds", maelfu ni "thousands". Ukiwa na idadi yenyewe, iweke idadi.

Na kosa letu kubwa: ukitanguliza namba, s inaondoka. "Two dozen eggs", "three hundred people", "five thousand men". Bila namba, s na "of" vinarudi pamoja: "dozens of eggs", "hundreds of people". Kiswahili kinatudanganya kwa sababu sisi hatubadilishi mia wala elfu tukizitaja baada ya jina.

Mwl_Tungo

Naongezea jingine la sarufi linalowasumbua darasani. Kwetu, kundi la ng'ombe limepita: kitenzi kinafuata kundi, ngeli inaamua. Kwa Waingereza inategemea unaliona kundi kama kitu kimoja au kama watu mmoja mmoja. "The team is strong" na "the team are arguing among themselves" yote yanakubalika Uingereza. Wamarekani wengi watashika "is" kote. Lakini "police" na "cattle" daima ni wingi: "the police are here". Na "a number of people are", ila "the number of people is". La kwanza maana yake watu kadhaa, la pili ni ile idadi.

Bi_Nukta

Haraka haraka juu ya vitu, maana uzi umejaa watu. "Stack" ni vitu vimepangwa juu ya vingine, kingo zimelingana, kama sahani kabatini. "Pile" ni vimewekwa juu ya vingine bila uangalifu sana. "Heap" ni vimetupwa. Nguo zilezile: zikiwa zimekunjwa ni "stack", zikisubiri kukunjwa ni "pile", zikiwa sakafuni ni "heap". Lundo letu linaangukia kwenye "heap".

"Batch" limetoka kwenye kuoka, kiasi kinachotoka tanurini kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana linafaa kwa vitu vilivyotengenezwa au kuja pamoja.

Na jamani, "plethora" si wingi tu. Kwa Kigiriki ni kujaa, na madaktari wa zamani walilitumia kwa damu iliyozidi mwilini. Wengi leo wanaliandika kwa maana ya vingi, lakini msomaji makini bado analisikia lile la kuzidi. Ukisema "a plethora of opportunities" huenda umesema zimekithiri. "Myriad" ni salama zaidi. Kwa Kigiriki ilikuwa 10,000 kamili, sasa ni lukuki.

NahodhaWaMaana

Na "a slew of". Wamarekani walilichukua kwa Wairishi, slua, umati au jeshi. Ndugu yake wa Uskoti, sluagh, akiunganishwa na kelele za kuita amezaa "slogan", mlio wa vita wa ukoo. Kila kaulimbiu ina umati ndani.

Juma_wa_Herufi

Wakuu, nina kazi ya kukabidhi kesho asubuhi. Sentensi ni hii: "Halaiki ya vijana ilimiminika mitaani kudai majibu kuhusu mwenzao aliyefariki." Nimeandika "a horde of youths flooded the streets". Baada ya kusoma uzi huu nimeifuta yote. Nisaidieni.

Fundi_Manukuu

"Youths" nayo iangalie. Kwenye magazeti ya Kiingereza "youths" mara nyingi ni vijana wa kiume wanaoshukiwa jambo. "Young people" ndio vijana.

Sauti_ya_Mwaka_89

Na "demanding answers" ibaki kama ilivyo. Usiipunguze kuwa "protesting", kwa sababu sentensi inasema wanataka nini.

KalamuYaUsiku

Ndugu Juma, kwa hiyo: "Crowds of young people poured into the streets, demanding answers about the death of their friend." Mwenzao nimeifanya "friend". Kama walikuwa darasa moja andika "classmate", kama ni kazini "colleague". Hilo muulize mwandishi kabla hujakabidhi.

Juma_wa_Herufi

Nimempigia. Walikuwa darasa moja, na anasema walikuwa kama 300. Natuma hivi: "About 300 young people poured into the streets, demanding answers about the death of their classmate."